Vijiti vya Kwale

Chumbi, 9 Februari 1993

Kwako Baba Maulida,

Asalaam aleikum. Bashiru amepita leo na vikapu vyake vya samaki wa ng'onda, akasema kesho kutwa anarudi Mbuchi, nikaona nisimwache aende mikono mitupu. Mie ni mzima. Mama yako pia mzima, ila lile goti linamsumbua asubuhi hadi apate jua.

Mpunga wa bondeni umeshika vizuri. Mto umekuja kwa adabu mwaka huu. Wenzetu wameanza kukata nguzo za madungu ya kulindia mpunga, maana masuke yakishatoka tu ndege watashuka. Dungu letu bado limesimama. Sijapanda ngazi yake tangu siku tulipomteremsha Maulida. Mama yako anasema nitapanda nikitaka nisitake, kwa kuwa ndege hawajui msiba. Hakusema kwa ubaya.

Juzi nimepita chini yake nikaona lile kopo la maziwa alilolitia kokoto, alilokuwa akilitikisa kufukuzia ndege. Kamba imeoza, kopo limeanguka. Nimeliacha palepale.

Nilisema sitakuuliza utarudi lini, na sijauliza.

Mkeo,
Sihaba


Mbuchi, 3 Machi 1993

Mama Maulida,

Waaleikum salaam. Barua yako ilinifika ikinuka ng'onda, nikaisoma hivyohivyo. Kazi yetu huku ni ya matope. Maji yakitoka tunaingia mikokoni kukata boriti, maji yakirudi tunazielekeza kambini zikielea. Jioni mtu anaoga mara mbili na bado ana matope masikioni. Wenzangu ni watu wema, hawaniulizi kitu.

Ndege wa huku ni wale wa miguu mirefu, wanachokora matope kimya. Sijasikia kwale tangu nilipofika. Unakumbuka Maulida alivyokuwa akikusanya viganja mdomoni na kulia kama kwale? Lile dume la shamba la juu lilitoka mbio kwenye nyasi, limevimbisha shingo yake nyekundu, linatafuta mgomvi, likakuta ni mtoto anacheka. Siku hizi nakikumbuka kicheko hicho kuliko hata sura yake, na jambo hilo linaniogopesha.

Nakuomba kitu kimoja. Shamba la juu usilifyeke. Liache na nyasi zake. Na ukienda kulima pembeni, ufanye kama alivyotufundisha marehemu baba: ukikuta mayai ya kwale, acha nyasi kiasi cha ungo kuyazunguka, usimike kijiti chenye kitambaa, jembe la mwingine lisipite. Vitambaa alikuwa akivichana Maulida.

Dunguni siwezi kurudi, Sihaba. Nimejaribu kwa mawazo tu na nimeshindwa. Lakini pale juu naweza. Kwale wakitaga, niandikie. Nitakuja.

Mumeo,
Abdurahmani


Chumbi, 20 Machi 1993

Kwa Dada Waride, Kibiti,

Shikamoo dada. Kuna jambo nimelifanya na sina wa kumwambia hapa, maana wote walikuwepo na wote walinipigia makofi.

Siku chache kabla barua ya Abdurahmani haijafika, tuliitwa mkutanoni. Kulikuwa na mtu wa kampuni ya miti, anaitwa Bwana Zaidi, kijana mpole, viatu vyake vimejaa vumbi kama vyetu. Alisema sasa serikali imeruhusu kampuni za watu binafsi, na yao inataka mashamba ya juu yaliyolala wapande mikaratusi. Watu waliguna. Ndipo aliposema neno lililonishika. Alisema, "Ndege anataka nyasi na vichaka vya kutagia. Mkiviondoa mkapanda miti ya mstari, hana pa kulea, atahama." Jirani yetu Semeni akamjibu kutoka nyuma walikokaa wanawake, "Basi nipandie na mie mlangoni, baba, nina shemeji wangu haondoki." Watu wakacheka hadi mwenyekiti akagonga meza.

Mie sikucheka. Niliona ndege wamehama kweli. Niliona madungu yameanguka yenyewe, hakuna mtoto anayelala juu ya maji miezi mitatu kwa ajili ya mpunga. Nikawa wa kwanza kusimama. Nilisema chukueni letu. Mwenyekiti akaniambia mume akiwa safarini mke aliyemo nyumbani anatosha, nikatia sahihi mahali pake.

Halafu barua yake ikaja. Anasema atarudi kwa ajili ya lile shamba. Ananiomba nisilifyeke.

Nifanye nini, dada?

Mdogo wako,
Sihaba


Kibiti, 29 Machi 1993

Wee Sihaba,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikaenda kukaa uani. Sitakugombeza. Ningekuwa mie, mama wa yule mtoto, ningesimama hata kabla Bwana Zaidi hajamaliza salamu.

Lakini mwandikie mumeo leo. Usingoje Bashiru amfikishie, mtu yule anauza ng'onda na maneno kwa kipimo kimoja. Mwandikie ulivyoniandikia mie, pamoja na madungu na miezi mitatu juu ya maji. Abdurahmani si mkali. Akijua kwa nini, atainama tu kama kawaida yake. Akijua shamba bila kujua sababu, hapo ndipo utampoteza.

Sabuni na kanga nimempa dereva wa lori la mbao. Kanga ile ya zambarau ni yako, usimpe mama mkwe.

Dada yako,
Waride


Chumbi, 12 Aprili 1993

Baba Maulida,

Mvua zimeshika. Nakuandikia upesi, Bashiru yuko mlangoni anakunywa uji.

Kwale wametaga. Nimekwenda mwenyewe shamba la juu tangu asubuhi, nimetembea taratibu nikipapasa nyasi kwa fimbo kama ulivyokuwa ukifanya. Mmoja aliruka miguuni pangu, moyo wangu ukataka kutoka. Mayai yake yana rangi ya chai ya maziwa. Viota vingine vilikuwa karibu na ule mgunga, na kimoja kwenye njia, mahali pa kijinga kabisa. Kanga pori pia yupo, na tipitipi amejenga kwenye kichaka cha pembeni.

Kila kiota nimekisimikia kijiti. Vitambaa nimechana gauni la Maulida la njano, lile lililomkaa fupi. Nilidhani nitashindwa kulichana. Kumbe limechakaa, lilichanika lenyewe.

Usije sasa, barabara imekatika na kivuko hakivuki. Subiri mvua zipungue.

Sihaba


Chumbi, 4 Mei 1993

Dada Waride,

Shikamoo. Sikumwandikia. Najua ulivyosema. Nilimwandikia kwamba kwale wametaga, na ni kweli walitaga, nikaishia hapo.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilimwendea Bwana Zaidi nikamwomba vile viota waviruke, wapande miti yao huku na huku, kila kiota kibaki na nyasi zake hadi vifaranga watoke. Alinisikiliza vizuri. Alisema haina tabu, mama, weka alama. Nikamwambia nimeshaweka. Nikarudi bondeni, maana mwaka huu miti ilikuwa bado na mpunga ulikuwa tayari unaliwa. Nimepanda dunguni, dada. Nililia siku ya kwanza, siku ya pili nikatikisa kopo kama watu wengine.

Wachimba mashimo walikuja mimi nikiwa huko chini. Ni vibarua kutoka mbali, wamezoea kazi ya miti. Bwana Zaidi alikuwa amekwenda Utete. Kumbe kazi ile ina desturi yake: mpimaji hutangulia, anasimika kijiti chenye kitambaa kila mahali pa shimo, wachimbaji wanafuata kitambaa. Kwenye shamba letu mpimaji alikuwa hajafika. Wao wakakuta vijiti na vitambaa vya njano, wakaona kazi imeshaanzwa. Wakachimba palepale penye vijiti. Kisha wakafyeka kilichobaki na kujaza mistari yao.

Nilipofika, msimamizi alikuwa amekaa anakula muhogo. Nikamuuliza kwa nini mmechimba penye alama. Akashangaa kweli, dada, hakuwa na kiburi. Akaniambia, "Mama, si mmetuwekea wenyewe?"

Maganda ya mayai yalikuwa kwenye udongo uliotolewa. Vitambaa walivikusanya, wakavifunga vizuri kwenye fungu, wakanirudishia.

Sihaba


Mbuchi, 15 Juni 1993

Mama Maulida,

Barua yako ya kwale nimeisoma hadi imechanika kwenye kunjo. Nimemsomea hata Tahiri, tunayelala naye kibanda kimoja, naye mtu wa Maparoni asiyejua shamba la juu ni nini, akasema mkeo anajua kuandika.

Yule mwenye kiota njiani namjua. Kila mwaka hutaga njiani. Maulida alikuwa akimwita Mwehu.

Ulifanya vema kuchana gauni. Nisingeweza.

Nilitaka kuja sasa, lakini vifaranga wameshatoka na kwale wakishalea wananyamaza. Ningekuja ningekuta nyasi tu. Nitakuja masika ijayo, nikae pale asubuhi na kuwasikia. Kisha nitashuka nyumbani. Nadhani nikipitia pale kwanza, miguu itakubali kufika mlangoni.

Inachekesha kidogo. Bashiru ananiambia huko kwenu wengine wanapanda miti. Huku sisi tunaikata kutwa.

Abdurahmani


Chumbi, 2 Mei 1994

Baba Maulida,

Bashiru ameniambia umechomwa na kisiki cha mkoko na mguu umevimba hadi goti. Kwa hiyo masika hii huji. Nakutumia majani ya mama yako, yachemshwe, usiyapake mabichi. Usiingie matopeni mpaka kidonda kifunge.

Unauliza kwale. Wapo. Wanalia asubuhi.

Pona kwanza.

Sihaba


Chumbi, 17 Februari 1995

Baba Maulida,

Umeniandikia kwamba mguu umepona na unakuja mvua za kwanza. Nimekaa na barua yako tangu Ijumaa iliyopita. Sasa nisikilize.

Shamba la juu lina mikaratusi. Niliitoa ardhi mie, ile ya baba yako, kwa sahihi yangu, kabla barua yako ya kwanza haijafika. Nilipoipata niliogopa, na nimeogopa hadi leo. Hakuna kwale. Mwaka jana nilipokuandikia wanalia, hapakuwa na hata mmoja. Vile viota vyote vilichimbwa mashimo. Vijiti vyangu ndivyo vilivyowaonyesha wachimbaji pa kuchimba.

Miti imekupita urefu. Imesimama mistari, ukitazama huku unaona mwisho wa kule. Chini hakuna jani bichi. Vibarua hufyeka nyasi kila zinapochipua, na zisipofyekwa hazioti, majani makavu yamelala kama mkeka. Hakuna panzi, hakuna mchwa. Nimepita humo asubuhi na sikusikia kitu ila upepo. Kanga pori amekwenda. Tipitipi tulikuwa tunamsikia kabla ya mvua, sasa mvua inanyesha bila yeye kusema.

Na majani yale yananuka ile dawa ya kikopo tuliyomchua nayo Maulida kifuani. Sikuambiwa kabla. Jua likiwaka harufu inashuka hadi jikoni.

Lakini ndege wa mpunga hawakuhama. Bwana Zaidi hakudanganya, nadhani naye hakujua. Waliohama ni wale waliotaga kwenye nyasi zetu. Hao kwelea wa mpunga hawatagi kwetu, wanatoka mbali huko, walichokosa zamani ni pa kulala. Sasa wanapo. Jioni wanaingia kwenye ile miti kama moshi unaorudi jikoni, matawi yanainama. Alfajiri wanashuka bondeni, hata hawana safari. Tunapanda madungu mapema kuliko zamani na kushuka baadaye. Watoto wa Semeni wameacha shule mwezi mzima.

Nimekwambia yote. Njoo ugombe, lakini njoo.

Sihaba


Mbuchi, 6 Aprili 1995

Sihaba,

Barua yako nimeikuta huku niliporudi. Maana nilikuja.

Sikuisubiri mvua ya kwanza, nilitaka nikushtukize. Nilipita njia ya Muhoro nikashukia shamba la juu kabla jua halijawa kali. Nilidhani nimepotea. Nilitafuta ule mgunga, nikakuta kisiki. Nikakaa juu yake. Nilikusanya viganja nikalia kama kwale, mtu mzima mie, peke yangu. Nikangoja. Nikalia tena.

Nilitembea hadi ukingo wa miti. Ulikuwa dunguni, nimekuona mgongo tu, una kanga ya zambarau, unatikisa kopo. Miguu ilikataa.

Sina la kusema juu ya ardhi. Ardhi ni ardhi. Lakini palikuwa na mahali pamoja tu ambapo mwanangu bado alikuwa anacheka, na ulipang'oa ukiwa unanijua. Ulitaka apotee ili upumzike. Labda wewe umeweza.

Abdurahmani


Kibiti, 11 Mei 1995

Shemeji Abdurahmani,

Waride nakuandikia. Mdogo wangu hajanituma, na akijua atanuna.

Amenionyesha barua yako. Kuna kitu hakukuandikia, kwa sababu anadhani unakijua. Hukijui. Alipotoa lile shamba hakuwa anafikiria shamba. Alikuwa anafikiria dungu. Mtoto wenu aliugua dunguni, maji pande zote, mtumbwi uko kwa jirani, na yeye mama yake alikuwa amekaa juu kule anamshika paji la uso akisikia ndege wanatua kwenye mpunga. Akaja mtu akamwambia ndege watakwisha. Ungekuwa wewe ungekataa?

Hakutaka Maulida apotee. Alitaka wasipotee wengine. Na wala haikufaa, ndiyo maana anatikisa kopo uliloliona.

Rudi nyumbani, shemeji. Nakuambia kama mkubwa wako.

Waride


Mbuchi, 23 Julai 1995

Mama Maulida,

Dada yako ameniandikia. Nisamehe kwa maneno ya ile barua. Sikujua kuwa dunguni ulikuwa ukisikia ndege wakitua. Miaka yote hii hatukuambiana hata siku ile ilivyokuwa, kila mtu alibeba upande wake.

Sina hasira. Nakuandikia hivyo ili uamini, kwa kuwa linalofuata linafanana na hasira. Sirudi. Nimejaribu. Mwezi uliopita nilifika hadi kivukoni, nikavuka, nikakaa ng'ambo hadi jioni na mzigo wangu, nikavuka tena kurudi. Kuja nyumbani kulikuwa na njia moja na ilipita pale juu. Nikipita nyingine yoyote nakutana na dungu kwanza.

Tahiri anahamia Maparoni, nakwenda naye. Kuna mashamba ya mpunga yanafunguliwa kwenye mikoko iliyokatwa. Nasikia ndege wameanza kujaa huko pia.

Kama unataka uhuru wako, sema, nitaandika talaka mbele ya mashahidi. Kama hutaki, sitaandika. Mama yangu usimwache bila uji.

Abdurahmani


Chumbi, 30 Juni 1996

Baba Maulida,

Asalaam aleikum. Sijui kama Bashiru anafika Maparoni, ameniahidi atampa mtu.

Mama yako tumemzika Jumapili iliyopita. Aliondoka asubuhi, akiwa amekaa juani. Aliuliza kama ni wewe uliyekuwa unakohoa uani, nikamwambia ndiyo. Nadhani nilifanya sawa.

Mwaka huu hatukuvuna. Viwavi walianza, wakala majani, na hapakuwa na wa kuwadonoa. Kilichobaki kwelea walikimaliza. Watu waliandamana hadi ofisi ya Bwana Zaidi kuomba miti ikatwe, wakakuta pamefungwa, kampuni imeuzwa kwa watu wengine na yeye amehamishiwa mkoa mwingine. Mlinzi anasema miti si yetu na hairuhusiwi kuguswa hadi wenyewe waje. Semeni alimuuliza wenyewe ni kina nani. Hajui.

Wakati wa kuamia ndege niliambiwa kuna mtoto anatetemeka kwenye dungu la tatu kutoka letu. Nilivuka na mtumbwi. Ni wa yule binti aliyeolewa mwaka juzi tu kwa jirani, mtoto mdogo hata kopo hajui kulishika. Tulimfikisha zahanati. Huyu alipona, namshukuru Mungu. Mama yake alinibusu mikono na sikujua niiweke wapi.

Wiki ijayo nakwenda Kibiti kwa dada Waride, nitamsaidia kuuza kwenye genge lake. Nyumba nimeifunga, ufunguo uko kwa Semeni. Kabla ya kuondoka nimepalilia kaburi la Maulida, nimelimwagia maji. Uhuru wangu sijauomba, na siuombi. Ukiutoa nitaupokea. Usipoutoa nitakaa na ndoa hii hivyohivyo, ni kitu chepesi siku hizi.

Sikuulizi kitu tena. Nina ombi moja tu, nalo halihitaji safari. Najua kila Ijumaa unamsomea Maulida dua. Ukimaliza kumtaja yeye, kabla hujashusha mikono, nitaje na mimi.

Sihaba